Kijiji cha Pindo

Siku Bi Pindo aliposoma kwamba Inspekta amechuchumaa mbele ya maiti na chupi yake, alikuwa na pini nane mdomoni, na ni bahati tu hakumeza hata moja. Alizitema zote juu ya kitambaa cha mteja, akajishika kiuno, akacheka mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaacha nyundo hewani.

"Jirani, kuna nini? Umeshinda bahati nasibu?"

"Inspekta!" Bi Pindo akasema, anajifuta machozi kwa futi ya kupimia. "Inspekta kaivuta chupi yake vizuri, kachuchumaa, anachunguza damu mbele za watu!"

"Joto hilo," akasema fundi viatu, akarudi kwenye soli yake.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkadhani mama wa watu kachanganyikiwa. Inspekta ni mtu wa kwenye televisheni. Kuna tamthilia moja ya Kiingereza, ya miaka nenda rudi, ya mpelelezi mrefu mwenye koti la mvua na sajenti wake mfupi anayetafunatafuna kila saa. Kila wiki mtu anauawa katika mji wao mdogo, mji ambao kwa haki ungekuwa umeshabaki na watu watatu. Wapenzi wa tamthilia hiyo wametapakaa dunia nzima. Na wengine, vipindi vikiisha na hamu haijaisha, hukaa chini wakatunga hadithi zao wenyewe za Inspekta na sajenti, wakaziweka mtandaoni wenzao wasome bure. Hadithi za mashabiki, ndivyo zinavyoitwa. Bi Pindo alikuwa anasoma moja kwenye simu aliyoiegemeza kwenye cherehani, na mwandishi wake alikuwa mwanamke wa Marekani. Mwanamke huyo alimvalisha Inspekta "pants", akiwa na maana ya suruali, kwa sababu kwao pants ni suruali. Kwa Mwingereza pants ni chupi. Na Inspekta, jamani, ni Mwingereza.

Mwingine angecheka akapita. Bi Pindo hapiti, na ndiyo sababu ya jina lake. Hawezi kuona pindo la nguo limefumuka akalifumbia macho. Amewahi kumsimamisha meneja wa benki katikati ya foleni, mbele ya wateja wake, akapiga magoti na kuanza kumbandika pini kwenye suruali, meneja amekauka palepale, hajui aite askari au aseme asante. Jina la kuzaliwa la mama huyu liko kwenye kitambulisho, kitambulisho kiko ndani ya kopo la vifungo, na hapo ndipo linapokaa. Mtaa mzima unamwita Bi Pindo. Ana chumba kimoja cha kazi chenye mlango unaotazama barabara, cherehani mbili, moja nzima na moja ya kutolewa vipuri, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa unaompita mteja tumboni, kiasi kwamba kila anayejitazama anadhani kavaa mkanda.

Mumewe alikuwa fundi umeme, na yeye ndiye aliyemwambukiza Inspekta. Kila Jumapili alasiri walikaa kwenye kochi wakibishana muuaji ni nani. Mume hakupatia hata siku moja. Akisema muuaji ni daktari, basi ujue daktari ndiye atakayekutwa amekufa baada ya robo saa. Bi Pindo alipatia karibu kila mara, kwa sababu yeye alitazama nguo. "Huyu kabadilisha shati tangu asubuhi. Mtu anabadilisha shati kwa nini?"

"Kwa sababu ni msafi, mke wangu."

"Msafi! Haya, tuone."

Mwaka wa saba huu tangu mume afariki. Watu walikuja, wakajaa, wakasema pole, naye akajibu kama inavyojibiwa: nimeshapoa. Aliwajibu hivyo ndugu, majirani, hata mteja mmoja asiye na haya aliyekuja siku ya nne kuulizia gauni lake. Fundi viatu alimwambia pole kila asubuhi kwa mwezi mzima, akajibiwa nimeshapoa, akaridhika, akaendelea na viatu vyake. Ulimi wa Bi Pindo ulizoea. Yeye mwenyewe hakuwa amepoa hata kidogo. Aliweka vipindi vya zamani, akafika pale daktari anapotokea, akageuka upande wa pili wa kochi kusubiri upuuzi, na upuuzi hauji. Iliuma, nisiwafiche. Iliuma vibaya sana.

Binti wa kaka yake, anayefanya kazi kwenye duka la fotokopi mtaa wa nyuma, ndiye aliyemkuta siku moja anagombana na televisheni peke yake. Akasimama mlangoni na mkate aliomletea.

"Shangazi, kuna watu chungu nzima mtandaoni wanabishana juu ya huyuhuyu mzee wako mwenye koti. Lete simu."

Akamwingiza kwenye ukumbi wa mashabiki. Palipotakiwa jina, binti akasema si lazima liwe la kweli, aweke lolote. "Weka Pindo," akasema shangazi mtu. Mambo yote yalianzia hapo.

Basi, siku ile ya chupi, Bi Pindo aliacha kazi ya watu, akamwandikia yule Mmarekani kwa Kiingereza chake cha shule, kile kilichonyooka cha barua ya kuomba kazi. Alimweleza kwa heshima zote kwamba Inspekta yuko uchi kiasi, na kwamba ni vyema avalishwe kabla polisi wengine hawajafika. Alidhani atatukanwa. Kabla hajamaliza kupiga pasi kola moja, jibu likaja. Mmarekani alikuwa hoi kwa kicheko. Kule ukumbini alijiita Mama wa Paka Watatu. Alishukuru, halafu akauliza: "Naona unatoka Pindo. Nimetafuta kwenye ramani sikuona. Iko upande gani wa Uingereza?"

Bi Pindo akatazama gauni lililolala mezani. Pindo liko upande gani? "Upande wa chini kabisa," akaandika.

Utani tu! Utani wa fundi. Lakini huyo wa ngʼambo angejuaje? Akajibu, "Aa, kusini! Lazima ni pazuri." Na palepale akaomba: je, mwenzake angekubali kuwa anazipitia hadithi zake kabla hazijatoka, amwondolee Umarekani wote? Maana mashabiki wa Uingereza humcheka, na yeye alikuwa amechoka kuchekwa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, dada, subiri, mimi si wa huko. Bi Pindo akili alikuwa nayo. Wakati huo alikuwa pia na miaka mitano bila mtu wa kubishana naye. Akaandika: "Kwa furaha."

Sasa mtauliza, mtu ambaye hajawahi hata kupanda ndege, Kiingereza cha Uingereza anakijulia wapi? Upande wa nguo hakuwa na shida. Alirithi kwa mwalimu wake wa ushonaji sanduku zima la karatasi za mitindo za Kiingereza, kongwe, zenye harufu ya karafuu na mende, na kila vazi limeandikwa jina lake. Siku Mama wa Paka alipompeleka Inspekta mahakamani amevaa "vest na suspenders", Bi Pindo alijua mwandishi ana maana ya kizibao na mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali. Alijua pia kwamba Mwingereza akisoma hivyo atamwona Inspekta amesimama mbele ya jaji na fulana ya ndani, na mapajani ana vile vikanda vya wanawake vya kushikilia soksi ndefu. Alimwokoa mzee wa watu na aibu hiyo.

Lakini kwa vitu visivyovaliwa alikuwa na siri yake. Alijiuliza tu: sisi tunakiitaje? Vitu vile tulivichukua kwa Waingereza, na tulipovichukua tulivichukua na majina yake. Mmarekani akitaja taa ya mkononi kwa jina la kwao, Bi Pindo anasema, hapana, sisi tunasema tochi, kwa hiyo Mwingereza anasema tochi. Nyuma ya gari anapofichwa marehemu? Buti. Gari la mizigo? Lori. Lijazwe nini? Petroli. Mtoto kavalishwa nini? Nepi. Kidonda cha sajenti kimebandikwa nini? Plasta. Kapanda juu na nini? Na lifti. Kila akijaribu, inakubali. Hata mshukiwa aliyeruka dirisha la ghorofa ya kwanza akatimua mbio: kwa Mmarekani ghorofa ya kwanza ni hii ya chini, unatoka hata na kikombe chako cha chai mkononi, lakini kwa Mwingereza, kama alivyozoea Bi Pindo, ya kwanza ni ile ya juu yake. "Mtu wako kavunjika miguu yote miwili," akamwandikia. "Ama mshushe, ama mpeleke hospitali." Mama wa Paka akaona amepata mwalimu. Alikuwa anamtangaza ukumbi mzima: mkaguzi wangu, mzaliwa wa Pindo.

Na Bi Pindo, niseme kweli, alianza kuona raha kuwa Mwingereza.

Mwaka jana Mama wa Paka alianza hadithi ndefu kuliko zote, ya sura ishirini, juu ya mpiga kinanda aliyekutwa amekufa kwenye kinanda chake. Haikuwa ya ukumbi tu. Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na minne, alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kitanda chake kilikuwa kimehamishiwa chumba cha mbele karibu na dirisha. Bibi huyo naye alikuwa na ugonjwa wa Inspekta. Kila Jumapili bintiye alimsomea sura mpya, na bibi akasema wazi kwamba hana mpango wa kufa mpaka ajue nani kamuua mpiga kinanda. Kwa hiyo kila sura ilipita kwa Bi Pindo asubuhi, chai yake ikiwa kando ya mkasi, na jioni ilikuwa imerudi.

Wakaanza kuandikiana na mengine. Mama wa Paka alisema kumvalisha mgonjwa kunamtoa jasho: kumwinua mikono, kumgeuza, bibi analia. Bi Pindo akachora gauni la kulalia linalofunguka mgongoni kutoka shingoni mpaka chini, lenye vishikizo vya kubana, unaliweka kwa mbele kama aproni na mgonjwa hainuki. Akapiga picha ule mchoro na vipimo vyake, akautuma. Mama wa Paka hakuwahi kushona hata kitufe, lakini alilishona, na mshono ukienda kombo alituma picha na Bi Pindo akamwelekeza. Bibi akalivaa. Akasema ni mara ya kwanza tangu augue kuvalishwa nguo bila kusukumwasukumwa.

Sasa tuje kwenye sura ya tisa. Sajenti anateleza kwenye ngazi iliyolowa, anaporomoka, mkate na maziwa yake vinatawanyika. Juu dirishani kuna mzee anatazama. Mwandishi alimwacha mzee atazame tu. Bi Pindo akakasirika. "Mzee gani huyu hana adabu!" Akajiuliza swali lake lilelile: sisi tunasemaje? Tunasema pole. Mwingereza atasemaje? Akaandika kwenye kinywa cha mzee: "Sori, sajenti, sori." Alipoonja hivyo, akanogewa. Sajenti akikohoa, mwenye duka anasema sori. Mjane akipita na ndoo mbili za makaa, Inspekta anainua kofia, anasema sori. Sura ya tisa mpaka ya kumi na mbili zilijaa sori tele, na Mama wa Paka akazikubali zote. "Sikujua Waingereza ni wapole hivi," akaandika.

Waingereza hawakujua pia. Ukumbini alikuwapo bwana mmoja wa hukohuko Uingereza aliyejiita Posta, kwa sababu alisambaza barua miaka thelathini na minane mpaka akastaafu. Chini ya sura ya kumi na mbili, mbele ya watu wote, Posta aliandika hivi, nami nawapeni kwa lugha yetu: "Mzee wa dirishani anaomba radhi ya nini? Ndiye aliyemwaga maji kwenye ngazi? Sisi tunaomba radhi sana, hata nguzo tukiigonga tunaiomba radhi. Lakini hatumwombi radhi mtu aliyeteleza mwenyewe tukiwa ghorofani. Nani kakagua hii?"

Mama wa Paka akaruka kumtetea rafiki yake. Mkaguzi wangu ni Mwingereza wa kuzaliwa, akasema, anatoka Pindo, kusini kabisa.

"Bibi," akajibu Posta, "nimepanga barua miaka thelathini na minane. Pindo haipo."

Bi Pindo aliyasoma hayo anapachika mikono kwenye gauni la msimamizi wa harusi. Aliendelea kushona kana kwamba hakuna kitu. Alipoligeuza gauni akakuta ameweka mikono yote miwili ya kushoto. Miaka thelathini ya kazi hajawahi kufanya hivyo. Akakaa chini.

Mpwa wake alipopita mchana, akasoma, akapiga ulimi. "Shangazi, hii ni rahisi. Sema ni kijiji kidogo, kilivunjwa, ikapita barabara. Nani atakwenda kuangalia?"

"Huyu kasema alikuwa anapanga barua."

"Basi mfungie, usimjibu. Au toka kabisa, nikuandikishe upya kwa jina lingine."

"Na Mama wa Paka nimwambie nini? Kwamba Pindo kafa?"

Fundi viatu, ambaye masikio yake hayajawahi kujua ukuta, akasema kutoka kwake, "Kwani huyo Mzungu anakudai nini, jirani?"

"Hanidai kitu."

"Sasa unaogopa nini?"

Aliogopa kitu kimoja tu, na hakukisema. Aliogopa kwamba kesho asubuhi atafungua simu na hakutakuwa na sura. Kwamba yule mwanamke aliyemkabidhi maneno yake na mgongo wa mama yake angemwona mwongo, na akimwona mwongo kwenye kijiji, atamwona mwongo kwenye gauni, kwenye mapenzi, kwenye kila kitu. Na Bi Pindo angerudi kwenye kochi, kutazama upande mtupu.

Akafumua mkono mmoja wa gauni, akaupachika sawasawa. Kisha akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo mtaa mzima uliliona, akaandika.

"Mpendwa Mama wa Paka. Posta anasema kweli. Kijiji cha Pindo hakipo. Pindo ni ile sehemu ya chini ya nguo inayokunjwa na kushonwa isifumuke, nami ndilo jina langu, kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Uingereza sijafika. Uliponiuliza iko upande gani nikakwambia chini, nilikuwa nakutania. Ukafurahi, nikaona haya kukuharibia. Halafu nami nikafurahi. Maneno niliyokupa yalikuwa ya kweli yote ila hilo moja la sori. Kwetu mtu akianguka, akiugua, akibeba kizito, akifiwa, tunamwambia neno, hata kama hatumjui, hata kama hatukumkosea. Nikadhani kila lugha inalo. Nisamehe. Sori hii ya sasa ni ya Kiingereza halisi, maana kosa nimelifanya mimi."

Akaituma. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Jumapili ikapita bila sura. Bi Pindo akawa anaiweka simu kifudifudi kwenye meza ya kukatia ili asiitazame, halafu anaigeuza kila baada ya mshono mmoja. Ukumbini watu waliuliza sura ya kumi na tatu iko wapi, hakuna aliyejibu. Mpwa wake akamwambia, "Shangazi, Wazungu wana shughuli," akajibiwa, "Nyamaza, mwanangu, unanipotezea hesabu ya mikunjo," na mikunjo yenyewe haikuwepo. Siku ya kumi na moja, asubuhi, chai haijapoa, barua ikaja.

"Pindo wangu. Mama ametutoka Alhamisi. Samahani kwa kimya. Barua yako nilimsomea siku ileile ilipofika. Nilikuwa na hasira, sikufichi, na nilitaka mtu wa kumkasirikia. Nilipofika pale 'upande wa chini', mama alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Akasema, kumbe ndiyo maana. Tangu sura ya tisa alikuwa ananiuliza ni nani yule mzee wa dirishani. Alisema, 'Miezi mitano nachomwa sindano kwenye kitanda hiki, hakuna aliyeniambia alichoambiwa yule sajenti.' Basi siku zilizobaki nilikuwa namwambia mimi. Kila wanapomgeuza: sori, mama. Naye ananijibu, si kosa lako. Nahisi silo jibu lenyewe. Mwisho wa hadithi nilimsimulia kwa mdomo. Akasema muuaji alimjua tangu sura ya sita, kwa sababu ya glavu. Alikuwa amevaa gauni lako. Sasa watu wananiletea kadi, zote zimepigwa chapa maneno yaleyale. Niambie, hilo neno kwa lugha yenu ni lipi? Na mtu akiambiwa, anajibu nini?"

Bi Pindo alisoma mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili alikaa. Alilia kwa sauti, mwanamke mzima, mlango wazi, na mteja aliyekuwa anakuja kuchukua sketi akageuza njia.

Kisha akaandika. "Neno ni pole. Lina silabi mbili, po na le. Usilisome kama lile neno lenu la mti wa bendera, ingawa herufi ni zilezile. Pole, rafiki yangu. Pole sana kwa mama. Ukiambiwa, unajibu: nimeshapoa."

Jibu likaja upesi. "Maana yake?"

"Kwamba maumivu yameshatulia."

"Na kama hayajatulia?"

"Unajibu hivyo hivyo," akaandika Bi Pindo. "Watu wanakaa kidogo, wanakunywa chai, wanakwenda zao." Aliyatazama maneno hayo muda mrefu kabla hajayatuma.

Wiki tatu baadaye sura zote zilizobaki zilitoka kwa mkupuo, na zile za zamani zenye sori zikatolewa upya zimerekebishwa. Sajenti bado anateleza kwenye ngazi, na mzee bado yuko dirishani, lakini sasa hasemi sori. Anasema "Pole, sajenti." Inspekta anauliza hiyo ni lugha gani, mzee anajibu, ya huko Pindo. Chini kabisa mwandishi alieleza maana ya pole na jinsi inavyojibiwa, akasema marehemu mama yake ndiye aliyeomba yule mzee asinyamazishwe.

Maoni ya kwanza yalikuwa ya Posta. Bi Pindo alipoona jina lile, akasimamisha cherehani. Posta aliandika mistari miwili tu. "Pole, bibi, kwa mama yako. Uingereza hatuna neno hili, nami naona tumekosa."

Na chini yake Mama wa Paka alikuwa amemjibu: "Nimeshapowa."

Imekosewa. Hata mtoto wa darasa la pili anajua haiandikwi hivyo. Bi Pindo, asiyewahi kuliacha kosa lipite, wala la meneja wa benki, alilitazama lile neno na herufi yake ya ziada, akaliacha. Alijua halikuwa kosa pekee humo. Mwenzake hakuwa amepoa. Nani angemjulia zaidi yake?

Machozi yakamtoka tena, na safari hii pini zilikuwa mdomoni, ikabidi azitoe moja moja.

"Vipi tena, jirani?" akauliza fundi viatu. "Kuna msiba?"

"Kuna rafiki yangu kafiwa na mama yake. Nikamkumbuka mume wangu."

"Aa. Pole, jirani." Akainamisha kichwa, nyundo imeshanyanyuka, anasubiri lile jibu la miaka saba ili aendelee na kazi.

"Bado," akasema Bi Pindo. "Sijapoa bado, fundi. Sikuwahi kupoa."

Nyundo ikabaki juu. Fundi viatu akamtazama, akakitazama kiatu cha mteja, akakiweka chini. Kisha akanyanyua kigoda chake, akavuka kizingiti, akaja kukaa karibu na meza ya kukatia.

"Haya," akasema. "Niambie. Mumeo alikuwa anapenda kusema muuaji ni nani vile?"

"Daktari," akasema Bi Pindo. "Kila siku daktari."